Kiraka Hakimtoi Aliyekwisha Kuingia

Kila mtengenezaji wa vifaa vya mtandao anapotangaza tundu kubwa la usalama, simu ninazopigiwa na wakuu wa taasisi huwa na swali moja: "Vijana wameshasasisha?" Jibu likiwa ndiyo, mazungumzo yameisha na bosi analala. Msimamo wangu ni kwamba swali hilo, tulivyozoea kuliuliza, linatudanganya. Kiraka, yaani sasisho linaloziba tundu, huzuia mtu kuingia kesho kwa njia ile ile. Hakisemi lolote kuhusu aliyeingia jana, wala hakimtoi. Na kwa programu za kampuni zinazoendeshwa kupitia ukurasa wa wavuti, kama malango ya wafanyakazi walio mbali, kurasa za kusimamia ruta na seva za barua pepe, hatari kubwa huwa iko jana, maana mara nyingi wadukuzi wamelijua tundu kabla ya mtengenezaji mwenyewe.

Oktoba 2023 ilileta mifano miwili ndani ya wiki moja, na mpaka leo sijaona darasa zuri zaidi ya hilo.

Tarehe 10 kampuni ya Citrix ilitoa kiraka cha NetScaler, kifaa kinachokaa mbele ya mtandao wa kampuni na kuwapokea wafanyakazi wanaoingia kazini kwa intaneti wakiwa nyumbani au safarini. Tundu lilisajiliwa kama CVE-2023-4966, likapewa jina la Citrix Bleed. Chanzo chake ni kidogo mpaka kinakera. NetScaler ina ukurasa unaojieleza kwa programu nyingine: huduma yangu ya kuthibitisha watumiaji iko anwani hii, funguo zake ziko ile. Ili kuutunga ukurasa huo, kifaa huchukua jina la seva lililoandikwa kwenye ombi la mgeni na kulipachika mara kadhaa ndani ya maandishi, kwa kutumia snprintf, amri inayojulikana na kila aliyewahi kusoma lugha ya C. Snprintf ina nidhamu: ukiipa nafasi ya baiti 131,072 haitaandika zaidi ya hapo. Ila namba inayokurudishia ni ya herufi ambazo ingeandika kama nafasi ingetosha, hata kama haikutosha. Aliyeandika programu aliichukua namba hiyo kuwa urefu wa jibu la kumtumia mgeni. Basi mgeni akija na jina la seva lenye herufi zaidi ya elfu ishirini, kifaa kinaandika mpaka nafasi inajaa, kinaacha, halafu kinatuma jibu refu kuliko kilichoandika. Sehemu iliyobaki inajazwa na chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu ya kifaa. Mgeni hajaulizwa jina wala nenosiri. Marekebisho yenyewe, wachambuzi walipoyafungua, yalikuwa sharti moja tu: namba ikizidi nafasi, usitume.

Miongoni mwa vilivyokuwa jirani ni tokeni. Mfanyakazi akiingia asubuhi anaandika nenosiri, kisha tarakimu zilizotumwa kwenye simu yake. Kifaa kikiridhika kinampa tokeni, mfuatano wa herufi unaohifadhiwa kwenye kuki ya kivinjari. Kuanzia hapo haulizwi tena. Ni kama muhuri wa mkononi kwenye ukumbi wa dansi: ukishagongwa unatoka na kurudi upendavyo, na mlangoni wanatazama mkono, hawatazami uso. Aliyeivuna tokeni hiyo kwenye kumbukumbu ya NetScaler akaibandika kwenye kivinjari chake alikuwa, machoni pa mfumo, ndiye mhasibu yule yule aliyeingia saa mbili asubuhi.

Sasa weka kiraka. Uvujaji unakoma papo hapo, lakini tokeni zilizokwisha kuvuja zinabaki halali, kwa sababu kiraka kilirekebisha jinsi jibu linavyotumwa na hakikugusa vipindi vya watumiaji vilivyokuwa vimefunguliwa. Mandiant, kampuni inayochunguza udukuzi, walilisema wazi tarehe 17 Oktoba, pamoja na habari nyingine mbaya: tundu lilikuwa likitumiwa tangu mwishoni mwa Agosti. Tarehe 23 Citrix wenyewe wakaorodhesha amri za kuua vipindi vyote, mojawapo ikiwa "kill aaa session -all". Amri ya mstari mmoja. Aliyeweka kiraka tarehe 11 akaandika "imekamilika" kwenye ripoti bila kuitoa, alikuwa amefanya nusu ya kazi na kujipa alama zote. Genge la LockBit lilipita kwenye tundu hilo hilo na kuingia kitengo cha vipuri cha Boeing. Kwa Comcast, kampuni ya intaneti ya Marekani, wavamizi walikuwa ndani kati ya tarehe 16 na 19 Oktoba, chini ya siku kumi tangu kiraka kitoke, na taarifa za wateja karibu milioni 36 zikaguswa.

Wakati watu wa NetScaler wanahangaika, tarehe 16 kampuni ya Cisco ikatangaza la kwake: CVE-2023-20198, kwenye ukurasa wa wavuti wa kusimamia ruta na swichi zinazotumia mfumo wa IOS XE. Alama ya ukali ilikuwa 10 kwa 10. Hili napenda kulieleza polepole kwa sababu linaonyesha tabia ya kurasa za usimamizi kwa ujumla. Ndani ya kifaa kuna huduma inayopokea amri za usanidi kwa XML na kuzitekeleza kwa mamlaka kamili. Haikukusudiwa kuonwa na mtu wa nje, na mbele yake kuna nginx, programu ya seva ya wavuti inayokagua anwani ya kila ombi na kukataa zinazoielekea huduma hiyo. Mdukuzi akaandika anwani hiyo kwa kuificha herufi ya kwanza: badala ya w akaweka %2577. Ukiifasiri mara moja, %25 ni alama ya asilimia, kwa hiyo unapata %77. Ukiifasiri tena, %77 ni w. Nginx iliifasiri mara moja, ikaona neno lisilo kwenye orodha ya vilivyokatazwa, ikaruhusu. Ndani ikafasiriwa mara ya pili, ombi likafika lilikokatazwa kufika. Humo mgeni akaagiza aumbiwe akaunti ya daraja la 15, la juu kabisa kwenye kifaa cha Cisco, kisha akatumia tundu la pili, CVE-2023-20273, kupandikiza programu ndogo ya lugha ya Lua isiyozidi mistari thelathini.

Kiraka cha kwanza kilitoka tarehe 22. Lakini Cisco walipofuatilia kumbukumbu kurudi nyuma waliona dalili za kwanza tarehe 18 Septemba. Hesabu mwenyewe: zaidi ya mwezi mmoja ambao kiraka hakikuwepo duniani, na hata taasisi yenye bidii kuliko zote isingekuwa na cha kuweka. Wale waliosema "tunasasisha kila Jumanne bila kukosa" waliachwa wazi sawasawa na wavivu. Waliosalimika ni wale ambao ukurasa wao wa usimamizi haukuonekana kwenye intaneti.

Kisa hicho kina mkia unaopaswa kusomwa na kila anayeamini ripoti za ukaguzi unaofanywa na mashine. Ndani ya siku mbili tatu watafiti walihesabu vifaa zaidi ya 40,000 vyenye pandikizi, kwa kuviuliza swali ambalo pandikizi lilikuwa likilijibu. Kisha mwishoni mwa wiki idadi ikaporomoka hadi mia kadhaa. Wengine wakashangilia. Fox-IT, kampuni ya usalama wa mtandao, wakagundua kilichotokea: wavamizi walikuwa wamelibadilisha pandikizi lijibu tu ombi lenye neno maalumu la utambulisho. Lilipoulizwa kwa njia mpya, vifaa zaidi ya 37,000 vilionekana bado vimeshikwa. Mashine iliyokuwa ikisema "safi" ilikuwa ikisema tu kwamba haijajibiwa.

Nageukia hoja ninazozisikia kila mara, nikianza na inayotolewa kwa kujiamini zaidi: washa upya kifaa, kila kitu kitafutika. Kwa Cisco hoja hii ilikuwa na nusu ya ukweli, nayo ndiyo iliyoponza watu. Pandikizi la Lua kweli halikuvumilia kuwashwa upya. Akaunti ya daraja la 15 ilivumilia, kwa sababu imo kwenye usanidi, na usanidi huhifadhiwa. Mvamizi alihitaji tu kurudi na jina lake na nenosiri lake, kama mfanyakazi mwingine yeyote. Majina yenyewe yalichaguliwa kwa akili: "cisco_tac_admin" na "cisco_support", majina ambayo fundi mwenye haraka akiyaona anadhani yaliachwa na watu wa msaada wa kiufundi.

Taasisi moja iliyoniita kukagua mtandao wake ilikuwa na taarifa nzuri kweli: vifaa vyote vimesasishwa, kijani toka juu mpaka chini. Nikaomba nionyeshwe orodha ya akaunti kwenye kila ruta. Kwenye moja kulikuwa na akaunti ya daraja la 15 ambayo kila aliyekuwa chumbani alidhani ni ya mwenzake. Baada ya kuulizana na kupiga simu, ikajulikana ni ya mkandarasi ambaye mkataba wake ulikwisha zamani. Hakuwa mdukuzi. Lakini mpaka simu ilipopokelewa hapakuwa na mtu wa kutofautisha akaunti hiyo na ya mdukuzi, na kwenye ripoti ya viraka kifaa hicho kilikuwa na rangi ile ile ya kijani kama vingine.

Hoja ya pili: tuna uthibitisho wa hatua mbili. Ni kitu kizuri, mnapaswa kuwa nacho, na kwa Citrix Bleed hakikusaidia hata chembe. Tokeni hutolewa baada ya hatua zote mbili kupita. Anayeiba tokeni anaiba matokeo ya uthibitisho, kwa hiyo hana haja ya kuthibitishwa.

Hoja ya tatu huja na unyenyekevu wa uongo: sisi ni wadogo, nani atahangaika na SACCOS ya mkoani au chuo cha ualimu? Hakuna anayehangaika nanyi, ni kweli. Mwaka 2013, programu ya ZMap ya Chuo Kikuu cha Michigan ilionyesha kwamba kompyuta moja yenye muunganisho mzuri inaweza kupiga hodi kwenye anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya saa moja. Vifaa 40,000 havikuchaguliwa na mtu. Vilikuwa wazi, vikajibu, vikaandikwa kwenye orodha. Nani ni mnono na nani ni mkavu huamuliwa baadaye. Na orodha hizo hazizeeki: Februari 2025 kampuni ya usalama ya Recorded Future iliripoti kwamba kundi la China linalojulikana kama Salt Typhoon lilikuwa bado linatumia matundu hayo hayo mawili ya Cisco dhidi ya kampuni za simu, moja ikiwa ya Afrika Kusini. Mwaka mmoja na zaidi baada ya kiraka.

Ipo hoja moja ninayoiheshimu, ya wanaoogopa kwamba sasisho litaangusha mfumo. Mwenye mfumo wa mishahara tarehe 28 ya mwezi hana sababu ya kuona haya kwa kuuliza. Na tarehe 19 Julai 2024 walipata ushahidi wao, pale faili moja ya sasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilipoangusha kompyuta za Windows milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, na ndege zikabaki chini. Jibu langu kwao ni kwamba kati ya kusasisha na kutosasisha kuna chaguo la tatu tunalolisahau: kuzima. Ukurasa wa wavuti wa ruta si huduma ya wateja. Ukizimwa usiku huu, hakuna mshahara utakaochelewa. Fundi atatumia mstari wa amri kama walivyofanya waliomtangulia. Kiraka kinaweza kusubiri majaribio ya siku tatu iwapo tundu halifikiki. Cisco wenyewe, kabla kiraka hakijawa tayari, walishauri hivyo hivyo.

Msomaji atauliza: je, nawadharau wanaosasisha kwa wakati? La. Kisa cha Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, kipo kunizuia. Tarehe 7 Machi 2017 tundu la Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, lilitangazwa na kiraka kikatoka. Tarehe 9 barua pepe ya ndani iliagiza kiwekwe ndani ya saa 48. Kilichofuata kingechekesha kama kisingegusa watu wapatao milioni 147. Orodha ya wapokeaji wa barua hiyo ilikuwa imepitwa na wakati, na waliohusika na mfumo husika hawakuipata. Wiki iliyofuata mashine ya ukaguzi ikapitishwa, haikuona kitu. Tarehe 13 Mei wavamizi wakaingia kupitia tovuti ya kupokea malalamiko ya wateja, wakakuta majina ya watumiaji na maneno ya siri yamehifadhiwa bila kufichwa, wakaenda nayo kwenye hifadhidata nyingine nyingi. Hawakuonekana mpaka mwisho wa Julai, na walionekana kwa sababu mtu hatimaye alihuisha cheti cha kidijitali kilichokwisha muda kwenye kifaa cha kukagua mawasiliano. Kwa miezi mingi kifaa hicho kilikuwa kimekaa hapo kipofu. Hapo kiraka kingeokoa kila kitu. Lakini tazama kilichokosekana: agizo lilikuwepo, muda ulikuwepo, kiraka kilikuwepo. Hapakuwa na mtu aliyejua Struts inakaa wapi kwenye kampuni yake mwenyewe.

Kwa hiyo dawa yangu ya kwanza haigharimu leseni yoyote, nayo inachosha: daftari la vifaa na programu zote zenye ukurasa wa wavuti, kila kimoja na jina la mtu mwenye jukumu nacho. Nasema mtu, kwa sababu "Idara ya TEHAMA" haipokei simu saa nane usiku. Kando ya kila kifaa iandikwe kama ukurasa wake unafikika kutoka nje, na jibu lisitoke kwa aliyekifunga. Chukua simu yako, zima Wi-Fi ya ofisi, tumia data ya kawaida, uandike anwani kwenye kivinjari. Ukiuona ukurasa wa kuingilia, nayo dunia nzima inauona. Juni 2023, miezi minne kabla ya kisa cha Cisco, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, lilikuwa limeziagiza taasisi za serikali kuu kuondoa kurasa za usimamizi kwenye intaneti ndani ya siku 14 tangu zitakapogunduliwa. Waliotii hawakuwa na la kuogopa kisa hicho kilipotokea.

Kwetu najua kwa nini kurasa hizi huachwa wazi. Kifaa kilifungwa na mkandarasi aliyeko Dar es Salaam au Nairobi, taasisi iko mbali, na nauli ya kumrudisha fundi kila swichi inapogoma haimo kwenye bajeti. Ukurasa ukabaki wazi ili asaidie akiwa kwake. Sababu inaeleweka, ila suluhisho lake ni VPN ya fundi na orodha ya anwani zinazoruhusiwa, iandikwe kwenye mkataba, pamoja na kifungu kinachosema akaunti zake zitafutwa siku mkataba unapokwisha na nani atakayezifuta.

Dawa ya pili ni kubadilisha maana ya "imekamilika". Kwenye fomu zenu za mabadiliko, kazi ya kuweka kiraka cha tundu linalotumiwa na wadukuzi isifungwe mpaka pawe na jibu la maandishi kwa swali la kipindi cha nyuma: tundu lilianza kutumiwa lini, kifaa chetu kilikuwa wazi tangu lini, na kati ya tarehe hizo mbili tumetazama nini. Kutazama kunamaanisha akaunti zote zimepitiwa moja moja, vipindi vyote vimeuawa, maneno ya siri na funguo zilizopita kwenye kifaa hicho zimebadilishwa. Kunamaanisha pia kumbukumbu za matukio, na hapa nakemea kidogo, kwa sababu taasisi nyingi huziacha ndani ya kifaa chenyewe, mahali pa kwanza mvamizi anapofuta. Zitumwe kwenye seva nyingine. Hata hivyo msitegemee kifaa kiseme kila kitu: kwa Citrix Bleed, Mandiant walibaini kwamba NetScaler haikuwa ikiandika popote maombi yaliyokwenda kwenye ukurasa ule wenye tundu. Aliyekuwa na kifaa kingine mbele yake kinachonukuu maombi aliweza kujua. Asiyekuwa nacho alibaki kudhani, na mwenye kudhani anapaswa kujihesabu kuwa ameingiliwa.

Hili la mwisho wakuu hawalipendi, na wanasheria wao hupenda kupita kiasi lisitamkwe. Sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda data humpa mdhibiti wa data, yaani taasisi inayozishika, saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu anapofahamu kwamba kumekuwa na uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wahusika. Nimewahi kusikia mezani, kwa sauti ya chini, kwamba basi ni heri kutofahamu. Hesabu hiyo ni mbovu hata kwa maslahi ya anayeipiga. Data za wateja zikija kutokea mtandaoni, swali la kwanza la mchunguzi litakuwa kwa nini hamkutazama, na fomu ya mabadiliko yenye neno "imekamilika" ndiyo itakayokuwa mezani.

Kwa wenye ruta za IOS XE wanaosoma haya kazini, amri za kuzima ukurasa wa wavuti ni mbili, nanyi toeni zote: "no ip http server" na "no ip http secure-server". Hakikisheni kwanza kwamba SSH inakubali, msije mkajifungia nje, na kwamba hakuna huduma nyingine inayoutegemea ukurasa huo, kama ule wa kuingilia Wi-Fi ya wageni. Kisha hifadhini usanidi kwa "write memory". Wengi huisahau hiyo ya mwisho, umeme unakatika Jumamosi, ruta inarudi na usanidi wa zamani, na ukurasa uko wazi tena hali ripoti ya Ijumaa inasema umezimwa.